Samaki wa Saa Nane

Kufikia saa tatu asubuhi Bilha hakuvisikia tena vidole vya miguu, na ndoo ilikuwa tupu. Yeye na shemeji yake Respicius walifika ziwani alfajiri, kama wavuvi wa Homa Bay na wa Bukoba wafanyavyo, wakasahau kwamba ziwa hili la Gaithersburg, Marekani, halikulelewa kwao. Barafu ilikuwa imefunika karibu lote. Maji wazi yalibaki kipande tu kando ya gati, pale kijito kinapoingia.

Nyumbani Anitha, mdogo wake Bilha na mke wa Respicius, alikuwa na mtoto wa siku nne na maziwa hayamtoshi. Mama yao alipopigiwa simu alisema jambo moja: supu ya samaki mbichi, na kichwa chake. Lakini madukani walikuta minofu mitupu. Ungedhani samaki wa Marekani huzaliwa bila vichwa.

Askari wa hifadhi alipita, akakagua leseni zao mbele na nyuma, akawaonya wasikanyage barafu. Kisha akaiona ndoo, akawahurumia.

"Asubuhi maji ni baridi mno, samaki hawasogei," alisema. "Subirini jua. Saa nane hivi ndipo wanakula."

Saa nane ndiyo saa ambayo Bilha alitakiwa kuwa hotelini, kwenye mashine za kufulia mashuka. Respicius naye ilimbidi aondoke saa sita, ampeleke mtoto kliniki kupimwa uzito.

"Wapigie, sema bibi kafariki," alishauri. "Msiba wanatoa siku tatu, na pole juu."

"Zii, shemeji. Mtoto ako na siku nne tu. Siwezi taja kifo ndio nipate off."

Respicius alipoondoka, Bilha alikwenda kwenye simu ya sarafu langoni. Alimpigia msimamizi wake wa hotelini, akaomba ruhusa ya siku hiyo. Aliogopa kupoteza kazi ile.

"Nani amekufa?" msimamizi aliuliza.

"Hakuna aliyekufa. Kuna aliyezaliwa. Mtoto wa dadangu."

Alisikia kurasa zikifunuliwa. Kitabu cha kanuni hakikuwa na mtoto wa dada. Msimamizi akamwambia siku hiyo halipwi, na barua ya onyo itamngoja.

"Andika tu," Bilha alisema, akashangaa jinsi sauti yake ilivyotulia.

Alirudi gatini. Jua lilikuwa limefika kwenye maji. Saa nane kasoro kidogo uzi ulivutwa, polepole sana, kama mtu anayegusa mlango wa mgonjwa. Hadi saa tisa alikuwa na samaki watatu wa mistari, wanene.

Respicius alirudi mbio. Mtoto alikuwa amepungua, alisema, lakini daktari hakuogopa. Apewe siku mbili. Alipoiona ndoo alicheka, akatoa kisu awasafishe.

"Kichwa usiguse, shemeji," Bilha alisema. "Hicho nimekilipia siku nzima."