Maji ya Chupa A

"Docteur, usinifundishe protocole. Ni miye njo niliiandika kwa ordinateur," Virginie alisema huku akifunga vifungo vya koti lake jeupe. "Leo dawa inaingia mu B."

"Mama Tracy, B iko témoin. Bila témoin hatuna résultat."

"Basi leta damu ya mutoto wako, yeye akuwe témoin. Wangu amechoka."

Docteur Sylvain alitazama kabati la joto. Ndani mlikuwa na chupa mbili ndogo za seli zilizotolewa kwa watoto wenye saratani ya damu: A ya Mapalo, binti wa wakulima wa karibu na Kinsevere, na B ya Tracy, binti wa Virginie, aliyekuwa kitandani katika hospitali ya Makomeno wiki ya tano sasa. Kila asubuhi A ilitiwa peptidi, mnyororo mfupi wa asidi amino ulioundwa ng'ambo ili kuziba kinywa cha kimeng'enya kinachoziamuru seli hizo ziongezeke bila kukoma. B, ile témoin, ilitiwa maji tu, ili kulinganisha.

Watoto wenyewe hawakupewa kitu, haikuruhusiwa. Hata hivyo, kila dawa ilipoingia katika A, Mapalo aliinuka huko kwao, akala sahani ya bukari, akaenda shule. Peptidi huvunjika upesi, kwa hiyo kufikia mchana alikuwa amelala tena. Mama yake, Mwansa, alizoea kupiga simu maabara: "Mama Tracy, mumeisha kuweka? Mutoto anachelewa masomo."

Sylvain aliliripoti jambo hilo chini ya "Mengineyo". Ng'ambo walishukuru. Peptidi walikuwa nayo tele, walijibu, ila hati miliki ilikuwa haijatoka. Wakatuma dozi za chupa moja, kama kawaida.

"Tugawe nusu-nusu," Sylvain alisema.

"Juzi tuligawa. Nani alisimama?"

Simu ya maabara ikaanza kulia. Virginie aliiacha. Alivuta dozi yote kwa pipeti, akaitia katika B.

Muda si muda simu yake ya mfukoni nayo ikaita. Tracy alikuwa anauliza viatu vyake.

"Biko chini ya kitanda," Virginie alimjibu, akakata.

Ile ya maabara ilikuwa bado inalia. Alibadilisha ncha ya pipeti, akavuta maji, kiasi kilekile, akayatia katika A bila kumwaga hata tone.