Gia Iliyong'oka Jino

Kila gia iliyotoka kwenye karakana yao ya uani, mume aliwaambia wateja kaichonga yeye. Mkewe, aliyezichonga zote, alimeza hasira.

Leo mwenye mashine ya kusaga karudi na gia iliyong'oka jino, anafoka.

"Hiyo kachonga mama watoto," mume akasema bila haya.

Alaa! Leo ndiyo imekuwa yake? Mke akaigeuza gia, akaona alama za nyundo. Mume ndiye aliyekwenda kuifunga kwenye mashine ya mteja, akaigongagonga kama msumari. Damu ikamchemka. Akavua aproni, akamtupia kifuani.

"Mteja anasubiri, baba watoto. Chonga nyingine."

Mume akaikodolea macho mashine ya kuchongea gia, kisha akanong'ona, "Inawashiwa wapi?"