Naara Si Jiwe

...na bado anaongea, shemeji yangu huyu, Ozni, mdogo wake mume wangu, amechutama mbele ya kinu changu kana kwamba natwanga ili yeye apate mdundo wa kusemea, mchi unapanda, mchi unashuka, mana inalainika nyeupe kama jana, kama juzi, kama itakavyokuwa kesho, na yeye anasema matango, "Shemeji, unayakumbuka matango ya Misri? Ukiuma tu, maji yanakuchuruzika mpaka kiwikoni," nayakumbuka, nani hayakumbuki, si ndiyo wimbo wangu kila tukienda kuteka maji, matango, vitunguu, matikiti, mpaka wanawake wakawa wananicheka, haya, Atara ametuandalia karamu tena, leteni mabakuli, nami nacheka nao, naongeza na vitunguu saumu... "Na samaki, shemeji, samaki wa bure!" Bure, eti bure, kwako wewe Ozni uliyeshikishwa fimbo na Wamisri usimamie matofali ya ndugu zako, kwako ndiyo walikuwa wa bure, mama yangu aliwalipia samaki wale, aliingia shimo la udongo asubuhi anatembea, jioni wakamvuta kwa miguu, matope yamemjaa mdomoni, na aliyesimama juu ya shimo siku ile hakuwa Mmisri, alikuwa mtu wetu, anasema lugha yetu, sisemi ni wewe, lakini pia sijawahi kukuuliza, naogopa jibu... twanga, Atara, twanga, "Mchana tunakutana, ukoo mzima, hemani kwa mzee Shuni. Watu wamechoka. Huyu Musa anatupeleka wapi? Tunataka mtu wa kuturudisha. Ila watu wenyewe waoga, mama Naara, wananung'unika wakiwa wamejificha..."

Mama Naara. Mchi umegonga ukingo wa kinu, unga umemwagika, naukusanya kwa kiganja ili asinione uso, mama Naara, tangu tumzike hakuna aliyeniita hivyo, siku ileile walinivua jina, nikawa Atara tena, mke wa Elidadi, na huyu hata kwa kuteleza ulimi hakuwahi kumtaja mwanangu, leo jina limemjaa kinywani, basi anataka kitu, "...wewe ukisimama mbele yao, mama Naara, ukieleza mtoto alivyokufa kwa kiu, hakuna atakayebaki ameketi. Mawe ya kumpiga Musa je? Tumezungukwa na mawe, hatuna hata haja ya kuyatafuta," na anacheka, kicheko kidogo cha puani... ulimi wake ulikuwa umevimba, wa Naara, alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama, akishika goti langu, nikamtemea mate mdomoni mpaka mate yakaniishia, akanitazama tu, hakulia, laiti angelia, Elidadi akafukua kwa mikono na mchanga ukawa unarudi shimoni, anafukua, unarudi, tukamlaza hivyohivyo, na kesho yake, kesho yake tu, tukafika chemchemi ya Mara, maji machungu, watu wakapiga makelele, mti ukatupwa majini yakawa matamu, kesho yake! Wanawake wakaimba, mama mkwe akanishika mkono, "Shukuru, mwanangu, Bwana ametupa maji," na nilikunywa, ndiyo, nilijitupa kifudifudi nikanywa mpaka tumbo likauma, koo langu halikuwa na haya, nikanywa maji ambayo mwanangu ameyakosa kwa usiku mmoja, aliyepasua bahari ikasimama kama ukuta ameshindwa kuwahi usiku mmoja? Halafu wingu likatangulia, haya twende, tukazidi kumwacha nyuma, bila alama, na upepo wa kule hauachi kitu...

"Shemeji, unanisikia kweli?"

"Nakusikia," nakusikia sana, na najisikia na mimi, sauti yangu ya kule kwenye maji, vitunguu, vitunguu, uongo mtupu, nimelilia vitunguu kwa sababu kila mtu analilia vitunguu, ukililia tumbo wenzako wanaitikia, ukimlilia mtoto wanainamisha macho wanakuambia shukuru, na Ozni huyu amenisikia nikiimba matango akadhani tuko wimbo mmoja, anataka Naara wangu awe jiwe la kwanza, wampige nalo Musa kichwani, kisha warudi zao Misri wakale samaki, na mchana huohuo watakuwa wamemsahau tena, na Musa akianguka nitakuwa nimejibiwa na nani? Si Musa aliyechelewesha maji.

"Siji," nasema.

"Eti?"

"Siji, Ozni. Na mwanangu usimtaje huko. Ukimtaja nitakuja, nitasimama hapohapo nikuulize nani alikuwa juu ya shimo siku aliyokufa mama yangu."

Macho yanamcheza, ameshika kidevu, halafu, kwa kuwa hajui kunyamaza, "Kwa hiyo wewe umeridhika? Umeshiba hii takataka? Nilidhani una uchungu, kumbe umeshakuwa mtu wao," umeridhika, anasema, mchi huu ningemshushia mguuni, hapana, sijaridhika, unasikia, Wewe uliyeketi kwenye wingu hilo, sijaridhika na sijashukuru, mana yako naila kwa kuwa Elidadi ananitazama nikila, ulikuwa wapi usiku ule, usinipe kware, usinipe asali, usimtume mtu na fimbo aje kunieleza, mimi sitamtuma mtu kwako, sitatuma jiwe, nakuuliza mwenyewe kwa kinywa changu, Naara, anaitwa Naara, ulimwona?... na jasho limeniingia machoni, ni mara ya kwanza nasema Naye tangu mchanga ule, nilikuwa nasema juu Yake tu, kwa wanawake, kwa mawe, kwa sufuria, na hasira haijapungua hata chembe, imegeuka tu upande wa kutazama, na Ozni bado amechutama, anasema vitunguu saumu, shemeji, hebu fikiria vitunguu saumu vilivyochomwa, nami nimesimamisha mchi hewani, sitwangi, nasubiri nijibiwe.