Skrubu ya Nne

Kufikia saa nne asubuhi, fundi Khalif alikuwa amekwisha kuvunja bisibisi mbili na kutoa matusi ya Kisomali ambayo hata Shamso, mwuza chai wa kibanda cha pili, alijifanya hayasikii. Mbele ya Khalif, juu ya meza ya mbao, ilikuwa pampu ya dizeli ya mashine ya kusagia mahindi. Kifuniko chake kilishikwa na skrubu nne, na skrubu hizo nne zilikuwa zimemfungia Nasambu, mwenye mashine, kazi kwa siku saba.

"Mama Mitchelle, hii kitu imekataa," Khalif alimwambia Nasambu, akijifuta jasho kwa kitambaa chenye grisi. "Vichwa vimelika. Huyo msee wa kwanza alikuharibia kabisa."

Msee huyo alikuwa fundi aliyetoka Buruburu na begi la ngozi na maneno mengi. Alitumia bisibisi iliyochakaa, akazungusha mpaka zile njia za kwenye vichwa vya skrubu zikawa laini kama sarafu ya zamani, kisha akakumbuka ana matanga na hakuonekana tena. Ndani ya pampu hiyo springi moja tu ndiyo ilikuwa imekatika. Springi mpya Nasambu alikuwa nayo, imefungwa kwa gazeti ndani ya kibeti chake. Kilichobaki ni kufungua kifuniko.

Ulikuwa mwisho wa mwaka wa tisini na tisa, na stima ilikuwa ikija kwa mgawo. Mashine za umeme za Kaloleni nzima zilikuwa zikilala mchana kutwa, na ile injini ya Nasambu iliyochekwa miaka yote kwa moshi na makelele ndiyo peke yake iliyoweza kusaga, mtu akihitaji unga. Basi ghafla kibanda chake kikapata wapenzi. Sheria ya soko ilisema kibanda kisichofanya kazi siku saba hupewa mtu mwingine, na bwana Mbithi, karani wa soko, aliandika tarehe kwenye daftari lake injini ikiwa bado haijapoa. Nani alimwambia upesi hivyo? Nasambu hakuuliza. Miaka kumi na moja aliyouza hapo ilikuwa imemfundisha kwamba daftari la Mbithi lina masikio.

Leo ilikuwa siku ya saba. Mbithi alisema atapita saa kumi.

"Umejaribu mafuta ya taa?" Nasambu aliuliza.

"Nimeweka mafuta ya taa, nimeweka ya breki, nimeweka dizeli yenyewe. Imelala ndani tangu jana. Zii, haitoki. Sasa ni moto tu, mathe. Chuma kikipata moto kinaachia."

Akawasha kichomeo chake cha gesi na kuelekeza ulimi wa moto kwenye skrubu ya kwanza. Moshi mwembamba ukapanda. Nasambu akainama kutazama, kisha akamshika Khalif mkono.

"Zima. Hiyo ni harufu ya nini?"

"Ni mafuta inaungua."

"Si mafuta. Mimi nimepika tangu nikiwa msichana Bungoma, Khalif. Huo ni ugali ulioshika chini."

Khalif akacheka. Shamso naye akaacha birika lake, akaja, akanusa, na hakucheka. "Wallahi ni ugali," alisema.

Nasambu akachukua pini ya nywele, akakwaruza ukingo wa skrubu. Kilichotoka hakikuwa kutu. Kilikuwa kigumu, cha rangi ya hudhurungi, na alipokisaga kwa kucha kikatoa vumbi la njano. Miaka kumi na moja unga ulikuwa umeruka ndani ya kibanda kile, ukatua juu ya pampu, ukalowa mvua iliyovuja kwenye mabati, halafu injini ikaupika kila siku. Nasambu alihisi furaha hata akaogopa kuitamka mapema. Mafundi wote walikuwa wakipigana na kutu. Adui alikuwa ukoko!

"Sufuria ya ugali unaiosha na mafuta ya taa?" alimwuliza Khalif.

"Mimi sioshi sufuria."

"Ndiyo maana umevunja bisibisi mbili. Shamso, dada yangu, una maji ya moto?"

Shamso alikuwa nayo tele, maana ndiyo biashara yake. Wakaiweka pampu ndani ya sufuria kuukuu, wakamimina maji yanayofuka, na kila yalipopoa Shamso akaleta mengine bila kuombwa. Khalif alisimama kando mikono kifuani kama mtu aliyealikwa kwenye uganga. Lakini saa saba ilipofika, maji yalikuwa yamegeuka uji, na fundi akaikunjua mikono.

"Manze," alisema polepole. "Lete msumeno wa chuma."

Hapo ufundi wake ukapata pa kuingilia. Alikata mfuo mpya katikati ya kichwa cha skrubu ya kwanza, akaweka bisibisi bapa, akaigonga kwa nyundo mara moja. Hakuifungua. Aliikaza kidogo kwanza, jinsi alivyofunzwa, ili ishtuke itoke usingizini, ndipo akaigeuza kushoto. Ikalia kwa sauti ndogo, ikazunguka. Nasambu alipiga kigelegele hata wateja wa nyanya wakageuka. Ya pili ikatoka, na ya tatu ikafuata.

Ya nne ilikuwa imezama ndani ya shimo lake na msumeno haukuifikia. Saa tisa ikapita. Khalif alijaribu bisibisi nyembamba, ikateleza, ikamkata kidole. Nasambu akamfunga kidole kwa kipande cha leso yake, kisha akachukua patasi ndogo, akaiegemeza upande wa kichwa cha skrubu.

"Shika pampu vizuri. Nitagonga mimi."

"Mathe, ukikosea unapasua kifuniko."

"Nisipogonga kifuniko kitakuwa kizima na mimi nitakuwa barabarani. Shika."

Akagonga. Hakuna kitu. Shamso akamimina maji kidogo ndani ya shimo. Nasambu akagonga tena, na tena, kwa pembe ileile, na mara ya nne akahisi kwa patasi kitu kikisogea. Skrubu ilikuwa imegeuka robo mzunguko. Nasambu aliiona kwa macho yake lakini akagusa kwa kidole ahakikishe, kisha akaanza kucheka na machozi yakamtoka.

Wakaitoa skrubu, wakaondoa kifuniko, wakaifuta pampu, wakaikausha juu ya jiko la Shamso, wakatia springi, wakarudisha skrubu zilezile na mifuo yake mipya, safari hii zimepakwa grisi, kisha wakaifunga pampu kwenye injini. Saa kumi kasorobo Khalif alizungusha mpini. Injini ikakohoa, ikatema moshi mweusi, ikanguruma. Wanawake wenye magunia wakatokea kila upande kama waliokuwa wamejificha.

Mbithi alifika saa kumi kamili, maana siku hiyo alikuwa na hamu ya kuwahi. Mkononi alikuwa na kufuli jipya, na kwenye ufunguo wake pamefungwa kikaratasi chenye jina la mtu. Nasambu alilisoma. Halikuwa jina lake; kibanda kilikuwa kimekwisha kuahidiwa mwingine.

"Nimeambiwa hii mashine imekufa!" karani alipaza sauti.

"Nani amekuambia?"

Karani akafungua daftari. Unga ulianza kutua kwenye koti lake jeusi na kwenye daftari. "Zima kidogo tuongee, mama. Sisikii!"

"Nikizima utaandika imefungwa!"

"Nitaandika nini na hii kelele?"

"Andika kelele hiyohiyo! Halafu utie sahihi!"

Foleni ilikuwa imefika kwenye kibanda cha Shamso, na macho yote yalikuwa kwenye kalamu ya Mbithi. Alipangusa unga kwenye ukurasa, ukatua mwingine. Aliandika kwamba mashine inafanya kazi, akatia sahihi. Nasambu akalisogeza daftari karibu, akasoma neno kwa neno, kisha akamimina mashineni kopo la gorogoro la mahindi la mteja wa kwanza.

Karani alisimama pale kidogo, kufuli mkononi, akingoja Nasambu azime. Hakuzima.