Picha za Bustani ya Bibi Mori

Jokha alikuwa akimtunza Bibi Mori, mjane wa Kijapani, nyumbani kwake mtaa wa Stanmore, ughaibuni. Bibi huyo alizaliwa katika nyumba ya wageni ya kale huko kwao, penye chemchemi ya maji moto na bustani aliyoipanda babu yake. Mwanawe, Kenji, alikuwa amemwahidi kumpeleka akaione tena kabla hajafa.

Jumapili moja Kenji akaja na bahasha ya picha. Kumbe alikuwa ameshakwenda, yeye na mkewe, kimyakimya.

"Mama, tazama daraja! Na samaki wale wekundu bado wapo bwawani!"

Bibi Mori alizipokea picha kwa mikono miwili, akashukuru. Kisha akazilaza kifudifudi mapajani.

Jokha damu ikamchemka. "Huoni haya? Unakwenda kuitembelea bustani ya mama yako, yeye unamletea karatasi?"

"Safari ile ingemchosha."

"Ulimwuliza?"

Kenji akamfukuza kazi palepale. Jokha alikuwa ameshavaa koti Bibi Mori alipomshika mkono.

"Nyumba hii ni yangu," akamwambia mwanawe, "na Jokha habanduki."

Kenji akaondoka bila kuaga. Jokha akaenda kuteleka chai, huku bado anafoka peke yake jikoni.