Mzizi wa Mayu Getruda

Tangu lini panya akaumbua ukoo wa mtu? Mektilda, mganga wa kijiji cha Lusu, alicheka hadi akashika mbavu Sixbert alipomweleza habari za maabara. Sixbert, mtafiti wa dawa za asili kutoka Tabora mjini, mwaka jana alichukua kwa Mektilda unga wa mzizi wa kukinga figo, akachukua na mwingine kwa Masolwa, kaka wa Mektilda. Panya wakadungwa dawa ya hospitali inayoharibu figo, kisha kundi moja likanyweshwa unga wa kaka, kundi jingine wa dada.

"Walionyweshwa wa kaka yako figo zilibaki salama," Sixbert alisema, macho chini. "Wa kwako, mama, ziliharibika sawa na wale ambao hawakupewa kitu. Tumerudia mara tatu. Ni mizizi ya miti miwili tofauti."

"Acha utani, baba. Mwalimu wetu ni mmoja, mama yetu. Mayu huyo hapo jikoni."

Lakini kicheko kilimkauka. Chumbani alikuwa amelala Recheli, binti yake wa pekee, mwenye kidonda kilichozama hadi mfupa wa paja. Kila siku alidungwa sindano kali zahanati, na daktari wa Nzega alikuwa ameonya kwamba sindano hizo zinaweza kula figo, hivyo kila wiki apelekwe kupimwa damu. Mektilda alimpeleka mara moja tu. Ya nini kumchosha mtoto na barabara, na mzizi wa mama yake upo? Asubuhi kikombe, jioni kikombe. Na sasa, siku ya tatu hii, uso wa Recheli umevimba, mkojo wenyewe wa kubembeleza.

Akamwomba Sixbert asubiri kwenye gari lake, akaingia jikoni. Mama yake, Mayu Getruda, alikuwa anakoroga sufuria ya dawa.

"Mayu, Masolwa ulimwonyesha mzizi gani?"

Bibi hakuinua kichwa. "Masolwa ni mwanamume. Ukoo unabaki kwake."

"Na mimi?"

"Wewe ulikuwa umeshachumbiwa. Dawa ya baba yangu ningeipelekaje kwa wakwe? Nilikupa unaofanana nao. Haumdhuru mtu."

Haumdhuru mtu! Miaka ishirini na sita Mektilda amewachimbia watu mzizi huo, akiwaapia kwa jina la Bikira. Mzee Amon, mgonjwa wake wa figo, alikufa kikombe kikiwa mdomoni, yeye akawafariji wafiwa kwamba Mungu kampenda zaidi.

"Mayu, wiki ya tano hii wewe ndiye unayechemsha. Wewe ndiye unayemshikia Recheli kikombe. Ulijua?"

"Nilisema labda sindano hazitamdhuru. Wengi haziwadhuru."

"Ulijua!"

"Recheli ni wa ukoo wa baba yake," bibi alisema, kama mtu anayetaja siku ya gulio.

Mektilda akashika ukuta. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, ila hawakumwambia kwamba kinaweza kuwa ndicho kilichokunyonyesha. Iliuma, jamani. Iliuma kuliko siku aliyomzika mume wake.

Bibi alipomwona hivyo akaanza kulia. Akavuta mkoba wake kutoka uvunguni mwa kitanda chake cha kamba hapo jikoni, akatoa kipande cha mzizi. "Huu ndio wenyewe. Naapa kwa kaburi la baba yako. Mchemshie mwanao."

"Ulikuwa nao humu ndani?"

"Nakunywa mwenyewe, mwanangu. Uzee huu."

Mektilda akaupokea, akaunusa, akaugeuzageuza. Mzizi tu. Huenda ulikuwa wenyewe. Huenda ulikuwa wa tatu. Hata ule wa kwanza alipewa kwa kiapo, tena cha kaburi la babu. Akauweka juu ya kinu, akatoka nje.

"Sixbert! Fungua mlango wa nyuma. Tunakwenda Nzega, sasa hivi!"

Wakambeba Recheli ndani ya blanketi, wakamlaza kiti cha nyuma. Mayu Getruda akawafuata akijifuta machozi kwa kitenge, akitaka kupanda. Mektilda akamzuia kwa mkono.

"Mama," Recheli alisema kwa taabu, "kikombe changu cha asubuhi sijanywa."

"Usikinywe tena. Hakikuwa dawa."

"Lakini uliniambia ni dawa."

"Na mimi niliambiwa na mama yangu," Mektilda alisema, akafunga mlango wa gari.