Nondo za Bwenini

Muhula uliopita vijana wawili waliingia bweni la wasichana kupitia dirishani, na mpaka leo kuna mtoto hajarudi shule. Ndiyo maana likizo nzima fundi wa kuchomelea alishinda pale na mashine yake, akiziba madirisha kwa nondo. Mwalimu mkuu alitaka dirisha moja liwekwe bawaba, lifunguke kwa ndani. Fundi akakataa katakata.

"Mwalimu, binti yangu analala humu. Ukiacha bawaba, umemwachia mwizi mlango."

Akachomelea madirisha yote, nondo kwa nondo, mpaka roho yake ikatulia.

Siku ya kufungua shule alibeba sanduku la bintiye kifua mbele, njia nzima akimsimulia alivyomkatalia mwalimu mkuu bawaba. Wazazi walimpa mkono.

"Fundi, hapo hata panya aombe ruhusa!" alitania mama mmoja mnene, godoro begani.

"Na akishaomba, asubiri jibu," fundi akajibu, wakacheka.

Bwenini, binti yake alichagua kitanda cha dirishani. Mlezi wa bweni akapita akionyesha kufuli jipya.

"Usiku nafunga kwa nje, ufunguo nalala nao kwangu, kule ng'ambo ya uwanja. Mzazi, ondoa shaka."

Alipotoka, binti alishika nondo akazitikisa. Hazikutikisika hata kidogo.

"Baba, moto ukiwaka tutatokea wapi?"

Fundi aliinua macho. Alitazama waya wa taa uliochubuka juu ya vitanda. Nje, wazazi walikuwa bado wanamsifu.

"Funga vitu vyako," alinong'ona. "Twende nyumbani."

"Kwa nini?"

"Nimesema twende."

Mlezi aliambiwa mtoto anaumwa tumbo. Yule mama mnene naye hakungoja kuambiwa mara mbili. "Basi hapa alale wangu, pana hewa." Akabwaga godoro palepale. Mwanawe, mdogo kuliko wote mle ndani, akapanda na kuanza kurukaruka.

"Baba, mwambie," binti akasema kwa sauti ya chini.

"Nimwambie nini? Hebu tembea."

"Mwambie, baba."

"Nitaongea na mwalimu mkuu. Kesho."

Aliyasema huku akitazama sakafu. Akajitwika sanduku, akatoka mbiombio, na njiani akaendelea kupokea mikono ya pongezi kwa sababu hakujua atawezaje kuikataa.

Hata langoni hajafika, akageuka kumhimiza binti. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Kule bwenini kelele za wasichana na mama zao zilikuwa zimekatika ghafla. Ilibaki sauti moja tu, nyembamba, ya mtoto aliyemzaa mwenyewe, ikieleza ni nani aliyekataa bawaba.